Konserto ya Noeli ya Corelli: namna ya kuiandaa Lubumbashi kwa kundi dogo la nyuzi

Konserto namba 8 ya Opus 6 ya Arcangelo Corelli hupigwa na watu wanne, na hupigwa pia na watu thelathini, bila kubadilisha noti hata moja. Ndivyo ilivyochapwa Amsterdam mwaka 1714, mwaka mmoja baada ya mtunzi wake kufariki Roma. Ukurasa wa kwanza wa kitabu unaeleza wazi: violini mbili na selo moja ni za lazima, violini nyingine mbili, viola na besi ni za hiari, na wapigaji wake wanaweza kuongezwa kadiri mtu apendavyo. Kwa kundi la Lubumbashi ambalo lina wapiga violini lakini mpiga viola anatafutwa kwa tochi, ruhusa hiyo ni mali. Usingoje kundi likamilike ndipo uanze. Anza na wale watatu wa lazima na mtu mmoja wa akordi, yaani mpiga kinanda au gitaa, kisha ongeza wengine kadiri wanavyokuwa tayari.

Muziki wenyewe umejengwaje

Corelli alifanya kazi Roma chini ya ufadhili wa Kardinali Pietro Ottoboni, na juu ya konserto hii aliandika kwamba imetungwa kwa ajili ya usiku wa Noeli. Iko katika sol mineri, isipokuwa Adagio ya katikati, ambayo iko katika mi bemoli majeri, na Pastorale ya mwisho, katika sol majeri. Jumla inachukua kama dakika 15. Mpangilio wake ni huu: Vivace (ya uchangamfu) fupi sana inayoingia kwenye Grave (nzito na ya polepole), Allegro (ya haraka), Adagio (ya polepole) yenye Allegro ndogo tumboni, Vivace ya mapigo matatu, Allegro, kisha Pastorale (wimbo wa wachungaji).

Wale watatu wa lazima huitwa konsertino. Kundi lililobaki huitwa ripieno. Anayejua mwimbishaji na waitikiaji katika kwaya ameshaelewa nusu ya kazi, ila kuna tofauti moja ambayo makundi mengi huikosa: konsertino hawanyamazi ripieno inapoingia. Wanaendelea kupiga sauti zao zilezile, na wengine wanajiunga nao. Kwa hiyo nguvu ya muziki huu inatokana na idadi ya watu wanaopiga kwa wakati fulani. Mtu mmoja mmoja hana haja ya kukaza mkono. Ripieno wakiingia kwa fujo wakidhani ni zamu yao ya kusikika, wanaifunika violini ya kwanza na sikio linapoteza uzi wa wimbo. Waambie waingie kwa sauti ileile ya konsertino. Wingi wao utafanya kazi yake.

Watu, vyombo na karatasi

Kundi la watu 14 linatosha kabisa kwa kanisa la parokia: watatu wa konsertino, violini za kwanza tatu, violini za pili tatu, viola mbili, selo moja ya ripieno, kontrabasi moja, na mpiga kinanda au gitaa. Mkipungukiwa, punguzeni violini kabla ya kugusa besi. Muziki huu husimama juu ya besi. Violini nane juu ya selo moja dhaifu ni nyumba isiyo na msingi.

Wanaopiga ripieno wanaweza kuwa wanafunzi, kwani karibu kila kitu kiko nafasi ya kwanza ya mkono. Konsertino wanahitaji nafasi ya tatu iliyo imara, na zaidi ya hapo wanahitaji masikio. Usimpe mtu violini ya pili ya konsertino kwa sababu ni dhaifu kuliko wa kwanza. Sehemu hizo mbili zina uzito sawa na hupokezana kila mara. Mmoja akipwaya, wote wawili wamepwaya.

Viola ikikosekana kabisa, usiihamishe sehemu yake juu oktava moja na kumpa mpiga violini, maana itapanda juu ya violini ya pili na kuvuruga akordi. Njia iliyo bora ni kuchukua violini isiyotumika na kuifunga nyuzi fupi za viola, do, sol, re, la. Uzi wa do utalia kwa unyonge, lakini noti zitakuwa mahali pake. La sivyo, mwachie mpiga gitaa ajaze katikati.

Karatasi za muziki hazina hakimiliki tena na hupatikana bure katika maktaba ya IMSLP kwenye intaneti. Chapisha sehemu saba: violini 1 na 2 za konsertino, selo ya konsertino, violini 1 na 2 za ripieno, viola, na besi. Ya viola imeandikwa kwa ufunguo wa do mstari wa tatu. Mtoto aliyetoka kwenye violini anahitaji wiki mbili kuuzoea, kwa hiyo mpe karatasi mapema. Kabla ya kuchapisha nakala za wote, andika namba za vipimo mwanzoni mwa kila mstari. Bila namba hizo nusu saa ya kila zoezi itapotea kwa kuulizana "tunaanzia wapi?"

Mbao na mvua

Mazoezi ya Noeli huangukia moja kwa moja kwenye majira ya mvua ya Katanga, na violini hulijua hilo kabla ya mpigaji. Unyevu huvimbisha mbao, vigingi vinakwama. Usivikaze kwa nguvu: kivute kigingi nje kidogo, kipake chaki kavu na sabuni ya kipande mahali kinapogusa tundu, kirudishe na ukizungushe mara kadhaa. Sabuni hulainisha, chaki hushika. Ukitumia sabuni peke yake, kigingi kitateleza usiku kucha. Mwezi wa saba hali ni kinyume, mbao zimesinyaa na vigingi vinaachia vyenyewe. Hapo ongeza chaki.

Singa za upinde nazo hurefuka kwenye unyevu. Upinde uliokazwa vizuri saa nane mchana unaweza kulegea kufikia misa ya usiku, kwa hiyo kila mmoja ahakikishe upya dakika kumi kabla ya kuanza. Na akimaliza aulegeze. Ukiachwa umekazwa hadi kiangazi kiingie, singa zitajivuta na fimbo itapinda, pengine hata kichwa kuvunjika. Chombo kisibaki ndani ya gari juani: gundi ya violini huyeyuka kwa joto na mishono hufunguka.

Violini za bei nafuu mara nyingi huja na daraja refu mno, na mwanafunzi anadhani vidole vyake ndivyo vibovu. Pima umbali kati ya uzi na mwisho wa ubao wa vidole: kama milimita 3.5 kwa uzi wa mi, na milimita 5 hadi 5.5 kwa uzi wa sol. Likizidi sana, punguza daraja kutoka juu kwa msasa laini, kidogo kidogo, ukilinda mviringo wake. Ukilifanya bapa, upinde utagusa nyuzi mbili kwa pamoja.

Kupatanisha sauti

Mnaweza kusikia rekodi ambazo ziko nusu toni chini ya kinanda chenu. Wapigaji wengi wa muziki wa Baroki, yaani wa zama za Corelli, leo hutumia noti la yenye mitetemo 415 kwa sekunde. Ninyi bakini na 440, hasa mkiwa na nyuzi za chuma, ambazo zikilegezwa nusu toni hupoteza mlio.

Jambo linaloumiza zaidi ni hili. Kila mpigaji hupatanisha nyuzi zake kwa kusikiliza kwinti safi (umbali wa noti tano) kutoka noti la. Kwinti safi ni pana kuliko ya kinanda kwa senti 2 (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni). Selo inashuka kwinti tatu hadi do, na do yake inakuwa chini kwa senti 6. Violini inapanda moja hadi mi, nayo iko juu kwa senti 2. Sasa do ya selo na mi ya violini ziko mbali kwa senti 8 zaidi ya kinanda, na tersi hiyo (umbali wa noti tatu) tayari ni pana hata kwenye kinanda chenyewe. Hapo akordi ya do majeri inakwaruza na hakuna anayejua kwa nini. Dawa ni kuchukua nyuzi zote nne kutoka kinandani, sol, re, la, mi, moja moja, badala ya la peke yake. Au kazeni kwinti kidogo, ziwe nyembamba kwa unywele.

Mtu wa akordi

Besi ya Baroki imeandikwa noti moja moja, na juu yake tarakimu. Noti isiyo na tarakimu ina tersi na kwinti. Tarakimu 6 ina maana ya tersi na seksti. Tarakimu 4 ikifuatwa na 3 inaagiza kushikilia kwarti kisha kuishusha kwenye tersi. Diezi (#) iliyo peke yake inafanya tersi iwe majeri. Kwa hayo manne mpiga kinanda anaanza kazi. 7 na nyinginezo zitafuata.

Kinanda cha umeme kiwekwe sauti ya klavesini, au ya ogani laini, bila pedali ya kurefusha. Mkono wa kushoto upige besi, wa kulia akordi za noti tatu, karibu na katikati ya kinanda, zisizopanda juu ya violini. Angalia mapema kama kinapokea betri, maana umeme unaweza kukatika katikati ya Grave.

Gitaa la kawaida nalo linafaa sana, na mji huu haukosi wapiga gitaa. Akiweka kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, kwenye freti ya tatu, vidole anavyovijua vinatosha: umbo la mi mineri linatoa sol mineri, la mineri linatoa do mineri, si 7 linatoa re 7, do linatoa mi bemoli, sol linatoa si bemoli, re linatoa fa. Kwa Pastorale haondoi kapo: umbo la mi majeri sasa ni sol majeri, si ni re, la ni do. Apige akordi moja kwa kila badiliko la besi, akiichambua kutoka chini kwenda juu. Asitie mdundo wa mkono wa kulia. Mdundo uko kwa selo.

Mazoezi: anzeni na mwisho

Mna wiki nane mkianza mwishoni mwa Oktoba. Wiki mbili za kwanza ziende kwa Pastorale, ingawa ndiyo inayopigwa mwisho. Ina noti chache, na haimsamehi mtu kwenye usafi wa sauti. Mkiipata, masikio yenu yameshafunguka kwa vipande vingine vyote.

Pastorale inaiga wachungaji waliokuwa wakishuka Roma wakati wa Noeli na zumari zao na mifuko ya kupuliza, ambayo ina noti nzito isiyokatika chini ya wimbo. Kwa hiyo besi inashikilia sol kwa muda mrefu na violini zinatembea juu yake. Andiko ni 12/8: mapigo manne makubwa, kila moja lina noti tatu ndogo. Weka metronomu kati ya 44 na 50 kwa pigo kubwa. Kosa la kwanza ni kuhesabu noti ndogo kumi na mbili, na muziki unakuwa mzito kama mzigo. Hesabu nne. Kosa la pili ni la selo: kubadilisha upinde kila anapochoka, kwa kishindo. Waliopo kwenye besi wapeane zamu, mmoja abadilishe upinde wakati mwingine yuko katikati ya wake, ili sol isikatike. Zoezi zuri ni selo na kontrabasi kushikilia sol dakika mbili nzima huku violini moja tu ikipiga wimbo, kisha mbili. Noti iitwayo si, ya violini, ndiyo inayoharibika. Vidole vilivyozoea sol mineri huiweka chini mno, au mtu kwa hofu anaipandisha kupita kiasi. Isikilize dhidi ya sol ya chini hadi mawimbi ya mgongano yatulie.

Wiki ya tatu ingieni kwenye Vivace ya kwanza na Grave. Vivace ni vipimo vichache tu vya akordi zenye vimya kati yake. Kimya hicho kimeandikwa, na kina urefu wake; watu hukikata kwa wasiwasi. Violini ya kwanza ya konsertino ivute pumzi ya kusikika, na wote wapige kwa upinde wa kuvuta, kutoka karibu na kitako, wauinue mara moja. Pigo likiwa 112 linatosha.

Kwenye Grave Corelli aliandika maagizo yake mwenyewe: mapinde marefu, yaliyoshikiliwa, na noti zipigwe kama zilivyo. Mpiga violini wa zama zile alizoea kupamba kipande cha polepole kwa noti zake mwenyewe. Hapa mtunzi anamkataza. Anayetaka kuonyesha ufundi asubiri. Uzuri wa Grave, na kusema kweli uzuri wa Corelli mzima, uko kwenye mgongano wa noti mbili jirani na namna unavyofunguka. Wachukue wapiga violini wawili pembeni. Wa kwanza ashike re. Wa pili aingie kwa mi bemoli juu yake. Zinakwaruzana, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa yule wa kwanza, aliyekuwa amekaa, ndiye anayekubali kushuka hadi do, na masikio yanapumzika. Upinde wake uongezeke uzito kidogo kidogo kuelekea mgongano, si kwa kushtua, na noti ya kushukia iwe nyepesi kuliko ile iliyotangulia. Makundi mengi hufanya kinyume: wanalegea kwenye mgongano kwa sababu wanadhani wamekosea, kisha wanatilia mkazo noti ya kutulia. Rudieni noti hizi tatu hadi wawili hao wacheke kwa raha, kisha mtafute kila mahali zinapojitokeza katika karatasi na kuziwekea alama ya kalamu. Ni nyingi.

Mtetemo wa mkono wa kushoto, ule wa kidole kinachotikisika, upunguzwe hadi karibu hakuna. Ukiwepo kwa wote, migongano hii inakuwa ukungu.

Wiki ya nne na ya tano ni za Allegro mbili na Vivace. Katika Allegro ya kwanza violini za konsertino zinaendelea kupokezana migongano ileile huku selo ikitembea chini bila kupumzika. Selo ndiye kiongozi hapa, na ndiye anayekimbia. Mweke kwenye 96 kwa metronomu, noti fupi, katikati ya upinde, kila noti ikiwa na pengo dogo baada yake. Akikimbia, tatizo huwa ni mkono wa kulia unaotumia upinde mwingi mno. Mpe sentimita tano tu za upinde kwa kila noti na kasi itatulia yenyewe. Vivace ya mapigo matatu hukaa vizuri kwenye 132, pigo la kwanza zito, la pili na la tatu jepesi. Allegro ya mwisho huhesabiwa mapigo mawili. Mkiihesabu manne itachoka.

Kwenye miisho mtakuta trili, yaani noti mbili jirani zinazopokezana haraka. Ianzie noti ya juu, ikae hapo kidogo ndipo itetemeke. Trili inayoanzia noti yenyewe inapoteza ule mgongano mdogo ambao ndio sababu yake.

Adagio huachwa nyuma na watu kwa kuwa ni rahisi kusoma. Wiki ya sita ni yake. Pigo lisishuke chini ya 48, na kurudi kwa Adagio baada ya ile Allegro ndogo kufanywe kwa mwendo uleule wa mwanzo. Mpigaji wa kwanza auimbe kichwani kabla ya kuinua upinde.

Wiki mbili za mwisho pigeni kipande chote bila kusimama, mara moja kila zoezi, kisha rekebisheni.

Kanisani

Fanyeni angalau zoezi moja mahali penyewe. Katika jengo lenye mwangwi mrefu, kama Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, punguzeni kasi ya Allegro kwa alama sita hadi nane za metronomu na fupisheni noti zaidi, la sivyo zitalundikana. Katika kanisa lenye paa la bati tatizo ni mvua: ikianza, hakuna violini itakayosikika, na kuongeza nguvu ya upinde kutaharibu tu sauti. Kubalianeni na padri na kiongozi wa kwaya mapema kuwa mvua ikinyesha sana Pastorale itasogezwa hadi komunyo, au baada ya baraka.

Mikrofoni ziepukwe. Spika zikishachanganya konsertino na ripieno, tofauti ya wachache na wengi, ambayo ndiyo konserto yenyewe, imekwisha. Ikilazimu, tumieni moja tu, mbali mita tatu mbele ya kundi, na fundi wa sauti asiiguse baada ya hapo. Konsertino wasimame au wakae mbele, violini mbili zikitazamana, selo kati yao; ripieno nusu duara nyuma; gitaa au kinanda karibu na selo kiasi cha kuona mkono wake wa kulia. Karatasi zibanwe kwa vibanio vya nguo, na kila standi mbili ziwe na taa moja ya betri iliyochajiwa.

Mkiombwa kuipiga konserto hii mwezi wa pili au kwenye harusi, Pastorale inaweza kuachwa. Corelli mwenyewe ameiandika kuwa ni ya hiari. Malizieni na Allegro, na mpunguze mwendo kidogo sana kwenye vipimo viwili vya mwisho, ili msikilizaji ajue mmefika.